Kutoka Mathari hadi Sindano ya Mwezi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, dada mkubwa wa familia moja alipoanza kujibizana na sauti ambazo hakuna mwingine aliyezisikia, watu wa Kanamkemer, mtaa wa Lodwar huko Turkana, walijua milango miwili ya kubisha: kwa emuron, mganga wa jadi wa Waturkana, au kituo cha polisi. Familia ilibisha yote miwili.

Emuron alichinja mbuzi, akasoma matumbo, akampaka mgonjwa udongo mbele ya jamaa zake wote. Sauti hazikunyamaza. Lakini mdogo wa mgonjwa, ambaye leo naye ana mvi, bado anamtaja mzee yule kwa heshima, kwa sababu alimwita dada kwa jina lake, si kwa ugonjwa wake. Kituoni dada alilala seli. Hakuwa ameiba wala kumpiga mtu. Sheria ya Afya ya Akili ya 1989 iliwaruhusu polisi kumchukua mtu waliyeamini ni hatari na kumfikisha hospitali ya akili. Ila hospitali yenyewe Turkana haikuwepo.

Hospitali ilikuwa Mathari, Nairobi, karibu kilomita 700. Wakoloni waliifungua mwaka 1910, na miongo mingi baada ya uhuru nchi nzima iliendelea kuitegemea. Kutoka Lodwar mtu alipanda lori hadi Kitale, akisubiri njiani askari wa kusindikiza magari, maana sehemu za Kainuk ziliogopwa kwa majambazi. Kisha basi. Baba aliuza mbuzi, akampeleka binti yake akiwa amemshika mkono safari nzima. Dada alirudi baada ya miezi, ametulia, anacheka, na pakiti za vidonge mfukoni.

Vidonge vilipoisha, ugonjwa ulirudi. Mbuzi wa kuuza hawakubaki wa kutosha.

Umbali ulimaliza mali ya familia, lakini kilichomuumiza dada zaidi ni kwamba matibabu yalikatika kila mara. Ugonjwa kama wake hutulizwa kwa dawa isiyokatizwa na kwa mtu anayemfahamu mgonjwa. Kwa hiyo mabadiliko anayoyakumbuka ndugu huyu hayana jengo la kuzinduliwa. Baada ya ugatuzi wa 2013 huduma za afya zilihamia mikononi mwa kaunti, na hatimaye akapatikana muuguzi wa afya ya akili mjini Lodwar. Dada akaanzishiwa fluphenazine, sindano ya msuli ambayo dawa yake, ikiwa ndani ya mafuta, hutoka polepole kwa wiki kadhaa. Dawa hiyo inafaa maisha ya Waturkana: familia inaweza kuhamisha mifugo kuelekea Loima wakati wa kiangazi na mtu mmoja tu akarudi na mgonjwa mjini siku ya sindano. Muuguzi akimkosa, hupiga simu. Simu hiyo, asema ndugu, ndiyo tiba ambayo Mathari haikuweza kuwapa.

Upande wa Kakuma, ndani ya kaunti hiyo hiyo, mambo yalianza njia nyingine. Kambi ya wakimbizi ilifunguliwa 1992 kwa ajili ya wavulana wa Sudan waliotembea nchi tatu wakikimbia vita, na uchungu wao haukuweza kufichwa. Mashirika, likiwemo la Wajesuiti, JRS, yalileta washauri nasaha, na wakimbizi wenyewe wakafunzwa kusikiliza wenzao. Waturkana wa jirani nao hutibiwa katika hospitali za kambi. Lakini huduma inayosimama juu ya fedha za wafadhili huyumba nao, na 2025, misaada ya Marekani ilipokatwa, Kakuma iliyumba vibaya. Haifai uhai wa mtu anayesikia sauti kutegemea bajeti ya Washington.

Sheria imesogea pia. Marekebisho ya 2022 yanazitaka serikali za kaunti zitoe huduma hizi karibu na watu. Januari 2025 Mahakama Kuu ikabatilisha kifungu kilichomfanya mhalifu aliyejaribu kujiua. Hayo ni makubwa, hasa kwa aliyeona dada yake akitolewa seli asubuhi.

Siku hizi ndugu huyo huwahoji wagombea wa wadi wanapopita kuomba kura Kanamkemer. Hawaulizi kuhusu barabara. Anawauliza kaunti imetenga shilingi ngapi kwa sindano za mwaka mzima, na nani atashika zamu muuguzi yule akienda likizo.