Korali ya Sake inaimba Ndosho: muziki ndani ya nyumba bila kununua mega

Ndugu wasomaji, na ninyi mnaosomewa na wenzenu kwa simu, leo sina habari ya bei ya unga wala ya barabara. Watu wengi wa huku Ndosho wameniuliza juu ya ile mashine yenye antena mbili inayoning'inia dirishani kwangu. Wengine hawakuniuliza, walienda moja kwa moja kwa shefu wa avenyu. Basi niwaeleze ni kitu gani na kwa nini iko pale.

Mwezi wa pili mwaka 2024, vita vilipokaribia Sake, shangazi yangu alifika kwangu na watoto watano, sufuria mbili, godoro moja, na kadi ya memori aliyoifunga kwenye kona ya kitenge pamoja na pesa za njiani. Pesa ziliisha wiki ileile. Kadi ilibaki pale kwenye kona.

Marehemu mume wake alikuwa mwalimu wa korali. Mwaka 2015 aliazima mashine ndogo ya kurekodi, akaketisha waimbaji wake kanisani usiku, siku ambayo hakuna mvua ya kupiga mabati, akarekodi nyimbo 22. Katika nyimbo nyingi sauti ya chini kabisa ni yake mwenyewe. Alipofariki, kadi ile ikawa ya shangazi. Kila aliyetaka nyimbo alimpa kadi akapeleke kwa wale vijana wenye kompyuta kandokando ya barabara wanaotia muziki ndani ya simu.

Hapo ndipo tatizo lilianzia. Vijana wale wanataka nyimbo nyingi ziingie kwenye simu ndogo, kwa hiyo wanazibana. Wimbo wa dakika 4 uliorekodiwa kwa ubora wa CD una uzito wa karibu mega 40. Wao walikuwa wanautoa ukiwa na mega 2. Watu wakatumiana hizo za mega 2, na wengine wakazibana tena. Kufika mwaka 2024 korali ya Sake ilikuwa kwenye simu za watu wengi, na katika simu hizo zote kayamba ililia kama mafuta kwenye kikaango, na sauti za wamama zilikuwa kama zinatoka ndani ya pipa la maji. Watoto wa shangazi waliamini kwamba baba yao aliimba hivyo.

Mimi nilikuwa na spika nzuri, bafle mbili na ampli ya zamani, vitu nilivyonunua siku nilipokuwa bado na akili ya kijana. Nilitia kadi yenyewe kwenye kompyuta, nikaunganisha ampli kwa waya, nikapiga wimbo wa kwanza. Shangazi alikuwa uani anachambua maharagi. Aliingia na sinia mkononi, akasimama mlangoni, hakuongea mpaka wimbo ukaisha. Kisha akasema, "Yuko hapa nyuma, upande wa kushoto. Alikuwa anasimama upande huo."

Tangu siku hiyo nilitaka waimbaji wake wasikie namna ile. Lakini wako wapi? Mmoja Lushagala, wawili Bulengo, mwingine kwa dada yake Katindo. Kupandisha nyimbo kwenye intaneti ili kila mmoja azichukue huko? Saa moja ya muziki usiobanwa vibaya inakula mega 300 mpaka 400. Mtu anayehesabu mega za kuandika ujumbe kwa mume wake hawezi kununua hizo ili asikilize korali.

Jibu lilikuwa rahisi kuliko nilivyofikiri. Ruta, ile mashine ya wifi, haihitaji intaneti ili ifanye kazi. Bila intaneti inabaki njia ya kuunganisha simu na kompyuta zilizo karibu nayo, na humo ndani hakuna mega ya kulipa. Nilipata moja ya mitumba yenye tundu la USB nyuma. Unachomeka flashi yenye nyimbo, unawasha sehemu ya kugawa muziki katika mipangilio yake, na simu yenye programu ya VLC inaiona flashi hiyo kama vile iko ndani ya simu. VLC ni ya bure, na inaweza kupitishwa kutoka simu moja hadi nyingine bila mega.

Kabla ya hayo lakini kulikuwa na kazi ya kadi, na hapa ninawaomba msome polepole. Kadi iliyozeeka haikupi onyo. Nilipoanza kunakili, wimbo wa 17 ulikataa. Nilitumia programu inayoruka sehemu zilizokufa na kuchukua zinazosomeka, nikaiacha ifanye kazi usiku kucha. Nyimbo 21 zilitoka nzima. Ule wa 17 ulitoka dakika 2 na sekunde kadhaa, kisha kimya. Ni wimbo ambao marehemu anaanza peke yake. Nilimwambia shangazi ninaweza kuuondoa ili usimuumize kila ukifika pale. Akajibu, "Uache hivyo hivyo, mwanangu. Hata yeye alikatika katikati."

Nyimbo nilizigeuza kuwa FLAC. Huu ni mfumo unaopunguza uzito karibu kwa nusu bila kutupa sauti yoyote. Kinachotoka ni kilekile kilichoingia. Msichanganye na kuchukua wimbo uliokwisha kubanwa na kuugeuza kuwa FLAC. Hiyo ni kuhamisha uji ulioungua kwenye sufuria kubwa zaidi. Uzito unaongezeka, ladha ni ileile.

Ruta ya kwanza niliiua mwenyewe. Inatumia volti 12, na mimi nina batri ya volti 12 inayochajiwa na plake ya jua. Nikaona kwa nini nipitie umeme wa ukuta ambao unakatika jioni, wakati ule tunaotaka muziki? Nikakata waya, nikaunganisha batri moja kwa moja, nikakosea nyekundu na nyeusi. Harufu, moshi mdogo, kwisha. Ya pili nilipima kwanza. Kwenye ruta yangu chanya inaingia katikati ya kichomeko, hasi pembeni, na imeandikwa chini kwa alama ndogo ambayo nilipaswa kuitazama tangu mwanzo. Tena batri inapochajiwa na jua inapanda kupita volti 14, kwa hiyo nilitia kifaa kidogo cha kushikilia volti 12 katikati. Ruta ile haifikishi wati 12, na kuanzia saa kumi na mbili jioni mpaka saa nne batri ya gari haistuki.

Nyumba yangu ni ya mbao, na mbao hazisumbui wifi sana. Lakini chumba cha nyuma anakolala shangazi na watoto nilikijenga kwa mabati, na katikati kuna ukuta wa mawe ya volkano kama kuta nyingi za Goma. Simu ikivuka pale, muziki unakatika. Nilihamisha ruta kutoka nyuma ya kabati na kuitundika dirishani, ndiyo maana mnaiona. Nikachagua masafa ya 2.4 badala ya 5, kwa sababu yanapenya kuta vizuri zaidi. Jirani mwenye saiber alikuwa kwenye chaneli 6 kama mimi, nikahamia 11. Ilisaidia, haikutosha. Mwishowe nilivuta waya wa mita 15 mpaka chumba cha nyuma na kuweka ruta nyingine kuukuu huko. Hiyo ya pili niliizima kazi ya kugawa anwani. Ruta mbili zikigawa anwani kwenye nyumba moja, ni kama wamama wawili wanaopanga foleni moja ya maji.

Simu nazo zina ujanja wao. Zikiona wifi haina intaneti zinataka kuiacha na kurudi kwenye mega. Simu ikiuliza, jibu kwamba ubaki hapo hapo. Na anayetaka kusikia kweli atumie waya wa masikio au waya wa kuingia kwenye ampli, kwa sababu bluetooth inabana sauti upya, na kazi yote inarudi nyuma.

Siku ya tatu shefu wa avenyu alifika na wazee wawili. Katika wakati kama ule antena mpya ni swali, na sikumlaumu.

"Watu wanasema unaongea na watu wa mbali," akasema.

"Papa shefu, keti kwanza. Hii haiongei na mtu aliye nje ya kiwanja. Haina hata mega moja."

Nilimwomba azime data ya simu yake mwenyewe, nikamwonyesha namna ya kuingia. Akasikiliza wimbo wa kwanza, akapitisha simu kwa mzee wa kulia, kisha wa kushoto. Mwishowe akauliza, "Na Franco, uko naye?" Niko naye, lakini ni yule wa uji ulioungua. Alisikiliza hivyo hivyo.

Jumapili iliyofuata walikuja waimbaji saba. Nilikuwa nimeondoa neno la siri, na flashi nimeipanga isomwe tu, mtu asiweze kufuta kitu kwa bahati mbaya. Simu saba kwa wakati mmoja, ruta haikulalamika, kwa kuwa wimbo mmoja wa namna hii haufikishi megabiti 1 kwa sekunde. Nilifikiri watakuja kulia. Walikuja kugombana. Mama aliyetembea kutoka Bulengo alisema kwa miaka yote hii wamekuwa wakiimba sauti ya pili vibaya, kwa sababu walijifunza upya kutoka kwenye nakala zilizobanwa ambamo sauti hiyo ilikuwa imezama. Wakarudia mstari uleule mara kumi, simu masikioni, mpaka watoto wakawa wanauimba kwa kuuchekelea.

Wimbo wa 17 waliuacha mwisho. Ulipokatika, mwanaume mmoja aliendelea kuanzia pale. Sauti yake si ya chini kama ya marehemu, na alisahau maneno ya ubeti wa tatu. Shangazi alimkumbusha kutoka jikoni.

Mapema mwaka 2025, kambi za kando ya mji zilipobomolewa, familia nyingi zilishika barabara kurudi, na shangazi naye akarudi Sake. Nyumba yake haikuwa na mlango wala mabati ya upande mmoja. Alibeba nakala mbili za nyimbo, moja kwenye kona ya kitenge, nyingine kwenye mfuko wa mtoto wake mkubwa. Ya tatu iko kwangu. Ruta ya chumba cha nyuma nilimpa pia, ingawa hakukuwa na umeme wa kuiwasha.

Wiki iliyopita mtoto huyo alinipigia. Wamepata plake na batri, na waimbaji wanne wamekwisha rudi. Inite zake zilikuwa karibu kuisha, akauliza jambo moja tu: nyekundu inaingia katikati au pembeni?

"Katikati," nikamwambia. "Lakini utazame alama chini ya ruta kwanza, na usiunganishe jua likiwa kali kabla ya..."

Simu ikakatika. Nimemtumia mengine kwa ujumbe.