Misukule wanakuja, wewe unachukua kasisi gani?

HEBU msomaji wangu nikuulize swali la kizushi kabla chai yako haijapoa. Usiku mnene, umeme umekatika, mko watu watano katikati ya makaburi ya kale, na mbele yenu wanakuja maiti kumi na mbili wakitembea. Si vibaka wala mateja, ni maiti wenyewe, sanda zinaburuzika. Unaruhusiwa kuwa na mtu mmoja tu wa dini. Unamchukua yupi? Yule anayeponya majeruhi? Yule anayewasha nuru ikawaunguza? Au yule ambaye kazi yake ni kuhakikisha kwamba aliyekufa amekufa kweli na anapumzika?

Usicheke, mtu wangu. Swali hilo limetula wiki tatu nzima huku Mbweni, hadi kuna mshikaji alisahau kwamba Simba inacheza.

Mchezo wenyewe unaitwa Dungeons & Dragons. Si wa kompyuta na wala si kamari (wazazi msije mkanielewa vibaya, dadu zipo ila hakuna anayeweka hela). Mnakaa mezani, mmoja wenu ndiye mwenye mchezo, anasimulia mahali na maadui, na nyie wengine kila mtu ana mhusika wake kwenye karatasi. Ukitaka kufanya jambo gumu unarusha dadu la pande 20, likikukataa, imekula kwako. Ulibuniwa Marekani na Gary Gygax na Dave Arneson, ukaanza kuuzwa 1974. Kama ulikulia kwa bibi wa paukwa pakawa, basi nusu yake unaijua tayari. Tofauti ni kwamba hapa unaruhusiwa kumkatiza bibi ukasema, "Mimi zimwi simkimbii, nampiga rungu."

Tunacheza Jumamosi jioni barazani kwa mama mkubwa wangu. Baraza pana, upepo wa bahari unafika, na mbu nao hawana hiyana. Mwenye mchezo anauza vifaa vya simu Tegeta. Yupo dada mmoja anayesomea uuguzi, yupo fundi wa AC, yupo jirani ambaye hata sijui anafanya kazi gani lakini hakosi, na mimi, mwandishi wenu, niliyemaliza kidato cha nne nikaishia kwenye kalamu. Tuna seti moja ya dadu saba iliyokuja na mtu kutoka Dubai. Asiyeifikia anatumia za kwenye simu.

Safari hii mwenye mchezo alitaka hadithi ya wafu. Ipo moja maarufu ya mnyonya damu anayeitwa Strahd, waliyoiandika Tracy na Laura Hickman, ikatoka 1983, na mwaka 2016 ikarudi kwa sura mpya kama Curse of Strahd. Akaisoma yote, halafu akasema kasri za milimani na mbwa mwitu zinatuhusu nini sisi? Akaihamishia pwani. Makaburi akayachukua kutoka Kunduchi, hapo jirani tu, yale ya karne ya 18 yenye minara ya mawe ya matumbawe na bakuli za Kichina zilizopachikwa ukutani, katikati ya mibuyu. Kama hujafika nenda mchana. Wafu wake hakuwaita majina ya kizungu, aliwaita misukule, basi. Kila mtu akakaa vizuri kwenye kiti.

Wenzangu walishawahi kuchukua nafasi zao, huyu mpiganaji, yule mwizi wa kunyata, jirani mchawi wa vitabu. Ikabaki nafasi ya kasisi. Nikapewa mimi.

Na hapa niwape historia kidogo, maana ni tamu. Huyu kasisi wa mchezo alizaliwa kwa sababu ya wafu. Miaka ya mwanzoni ya 1970, kwenye meza ya Arneson kule Minnesota, mchezaji mmoja alikuwa na mhusika mnyonya damu aitwaye Sir Fang, akapata nguvu hadi hakamatiki. Ikabidi atafutwe wa kumzuia, wakambuni mtu wa dini mfano wa Van Helsing, yule mwinda Dracula aliyechezwa na Peter Cushing kwenye filamu ya 1958. Mchezo ulipotoka 1974 ulikuwa na aina tatu tu za wahusika, na kasisi mmojawapo. Kwa hiyo kumpeleka kasisi makaburini ni kumrudisha kijijini kwao.

Sasa kasisi ana matawi. Sisi tunatumia kanuni za 2014, ambazo zinakutaka uchague tawi siku ya kwanza kabisa. Hizi mpya za 2024 zinakuacha mpaka ngazi ya 3, raha mustarehe. Kanuni za bure zina tawi moja tu, la Uhai. Mengine mpaka vitabu vya kununua, navyo mwenye mchezo anavyo kwenye simu, kakosa mshahara wa mwezi lakini anavyo.

Dada wa uuguzi alishikilia Uhai, na ningeshangaa angesema vingine. Huyo anavaa chuma kizito, kila dua yake ya kuponya inaongezewa pointi, na akifika ngazi ya 2 anaweza kugawa uponyaji kwa kundi zima kwa mkupuo. "Bila mponyaji mtarudi wote kwenye machela," akasema. Sawa, lakini mimi naona kuponya tu mbele ya misukule ni kuchota maji kwenye mtumbwi uliotoboka. Wao hawachoki.

Fundi wa AC akataka Nuru. Huyo ndiye wa moto, akifika ngazi ya 2 anawasha mng'ao unaochoma maadui wote ndani ya futi 30, ngazi ya 5 anapewa tufe la moto. "We choma tu, mambo ya dini baadaye!" Na hoja anayo. Msukule wa kwenye mchezo ana ushenzi mmoja, ukimwangusha anarushiwa dadu, na akibahatika anainuka tena na pointi moja. Asipoinuka ni pale tu alipopigwa kwa nuru au kwa pigo lile la bahati kubwa. Ila sikilizeni wataalamu wa kusoma nusu ukurasa: kasisi yeyote, wa tawi lolote, anaweza kuchukua kale kadua kadogo ka mwali mtakatifu, nako ni nuru tosha. Na kasisi yeyote akifika ngazi ya 2 anaweza kuwafukuza wafu walio ndani ya futi 30, wanaoshindwa dadu wanatimua mbio. Kwa hiyo Nuru ni bomba, lakini robo tatu ya unachokitamani unacho bila kuichagua.

Lipo tawi la Utusitusi, la kitabu cha 2020. Linawaona maadui gizani umbali wa futi 300, na linawapa wenzako ngao ya pointi kila zamu. Mwenye mchezo alilikataa kabla sijamaliza sentensi. "Hilo halikanyagi baraza hili." Meza nyingi duniani zimelipiga marufuku, si yeye peke yake. Na tawi la Mauti je? Ni la wabaya, na silaha yake kubwa ni ule uozo wa kifo, ambao wanyonya damu na wenzao wa ngazi za juu unawagusa nusu tu. Ni kumtisha samaki kwa maji.

Likabaki la Kaburi. Kitabu chake kilitoka 2017. Jina linatisha lakini mtu mwenyewe mpole. Anahisi wafu walipo, ndani ya futi 60, mradi hawajafunikwa kabisa na kizuizi au kukingwa na uchawi wa kuficha. Mwenzako akidondoka akawa hana hata pointi moja, dua ya kasisi huyu inamponya kwa kiwango cha juu kabisa, hakuna kurusha dadu. Akimnyooshea kidole adui, pigo linalofuata linamuumiza maradufu. Yaani hataki mtu aondoke kabla ya siku yake, na hataki mtu abaki baada ya siku yake.

Sasa msomaji, hapa niache utani kidogo.

Mama mkubwa alimpoteza mwanawe mwaka 2022. Kaka yangu huyo, tumelala kitanda kimoja utotoni. Bodaboda, Barabara ya Bagamoyo, saa mbili usiku. Tulimzika, hitma ikasomwa, arobaini ikapita. Kisha akaja mama mmoja na maneno, eti kijana ameonekana usiku analima shamba la mtu, hasemi, ulimi hana. Mnazijua hizi habari, kila mtaa wa Dar unazo. Akapelekwa kwa mganga. Mganga akamwambia kaburini hakuna mtu, mmezika mgomba. Kwanza laki mbili, halafu mbuzi, halafu laki nne na nusu. Mama mkubwa akafika mahali pa kuomba kaburi lifunuliwe, wajomba wakagoma, wakaitana wazee, ikawa kasheshe ambayo mpaka leo kuna watu wawili hawasalimiani. Mganga akahama. Simu haipatikani. Na mama mkubwa hakulizungumza tena.

Ndio maana kabla ya mchezo huu nilimfuata jikoni, nikamwambia, "Mama mkubwa, safari hii kuna misukule ndani yake, tukahamie kwingine?" Akasema, "Chezeni tu mwanangu, mie sina neno." Lakini nikawa nakaa roho juu.

Jumamosi ya tatu ya ubishi, mwenye mchezo alikuwa anasoma kwa sauti dua ambazo tawi la Kaburi hupewa ngazi ya 3. Moja ni ya kumlaza maiti kwa utulivu. Unaweka chumvi kidogo, na sarafu ya shaba kwenye kila jicho. Maiti haozi, na hakuna mchawi anayeweza kumwinua kuwa mfu anayetembea. Inadumu siku kumi.

Mama mkubwa alikuwa mlangoni na sinia la vitumbua.

"Rudia hapo," akasema.

Mwenye mchezo akarudia, safari hii kwa kigugumizi.

"Chumvi na sarafu. Na hawezi kuchukuliwa?"

"Hawezi, shangazi. Siku kumi."

"Na ya kumi na moja?"

Jamaa anayejua kuongea kama redio, kimya. Dada wa uuguzi ndiye aliyejibu. "Kasisi anarudi makaburini anasoma tena, mama."

Mama mkubwa akaweka sinia mezani, katikati ya karatasi zetu. "Basi huyo mtu halali," akasema, akaingia ndani.

Hakukuwa na ubishi tena. Nikaandika Kaburi kwenye karatasi yangu, na fundi wa AC mwenyewe akaniazima kalamu.

Sasa kumcheza ni kitu kingine. Nilijiwekea kwamba kasisi wangu hamwachi msukule aliyeangushwa akilala njiani, lazima azikwe. Wale kumi na mbili wa kwanza walitula jioni nzima kwa kuchimba. Mpiganaji akalalamika, hazina iko mbele sisi tunashika majembe! Mwenye mchezo naye alinuna, alikuwa ameandaa mapigano, akaambulia mazishi. Lakini wiki iliyofuata alikuja na daftari, kila msukule kapewa jina, kijiji na kazi aliyokuwa akifanya. Huyu mvuvi, huyu mke wa pili wa mtu. Tukawa tunaingia vijijini kuuliza nani kapotelewa na nani. Kama ungeniambia mchezo wa dadu utageuka hivyo ningekuona umelewa. Jirani asiyejulikana kazi yake ndiye anayeandika orodha, mwandiko mzuri ajabu.

Mama mkubwa hakai nasi mezani. Anavuta kigoda chake karibu na mlango na mchele wa kuchambua. Tukimaliza anauliza swali moja tu, "Mmezika wangapi leo?" Tunamtajia, anaitikia, tunaaga, shikamoo, marahaba.

Hivi sasa tuko ngazi ya 4, na Jumamosi hii tukipita salama tunaingia ya 5, ambako kuna tatizo. Kuanzia ngazi hiyo kasisi akiwafukuza wafu, wale wa chini kama misukule wanaoshindwa dadu hawakimbii tena, kitabu kinasema wanaangamizwa papo hapo, basi. Fundi wa AC anashangilia, kumi na mbili kwa neno moja, usipime! Mimi nikamuuliza mwenye mchezo, wakishaangamizwa kinabaki nini? Majivu? Nguo? Akasema kitabu hakijafika huko, ataamua yeye Jumamosi.

Juzi nilimweleza mama mkubwa wakati namsaidia kukuna nazi. Akanyamaza mpaka kifuu kikaisha.

"Mwambie mwenzio abakize kitu," akasema. "Hata mifupa."