Dadaab, mji wa kungoja

UKIABIRI gari mjini Garissa kuelekea mpaka wa Somalia, utakata kilomita zipatazo 100 za mchanga na vichaka vya miiba kabla ya kufika Dadaab. Utazikuta kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera, zilizofunguliwa mwaka wa 1991 na 1992 kwa ajili ya wakimbizi 90,000. Ukame na vita vya 2011 viliwafanya wapite 400,000.

Tembea sokoni Hagadera. Kuna maziwa ya ngamia, nguo na vibanda vya kuchaji simu. Kuna pia vijana waliozaliwa humu humu, wasioweza kwenda hata Nairobi bila kibali.

Wasomali wa kambini wana neno lao, buufis, linalotokana na kupuliza hewa ndani ya kitu kikafura. Ni hamu ya kuhamia ng'ambo inayomjaa mtu hadi akakosa usingizi, akaacha masomo au biashara. Mwili uko Ifo, roho iko Minneapolis. Marekani iliwawekea Wasomali vikwazo mwaka wa 2017, na Januari 2025 ikasimamisha mpango wake wote wa kupokea wakimbizi. Hamu haikusimama.

Sasa, msomaji, mpe kijana kama huyo simu yenye mchezo. Humo ndani haombi kibali. Akijitahidi hupanda ngazi, hupata tuzo papo hapo, na wenzake humtambua. Nje ya simu, bidii yake haisongezi foleni hata hatua moja. Je, utashangaa akikesha?

Mwaka wa 2019 Shirika la Afya Duniani liliidhinisha orodha mpya ya maradhi yenye uraibu wa michezo ya kielektroniki, nayo ikaanza kutumika Januari 2022. Dalili ni tatu: kushindwa kujizuia, kuutanguliza mchezo mbele ya yote, na kuendelea hata unapoleta madhara, kwa kawaida kwa miezi 12. Wachezaji wengi hawamo. Wanaonaswa aghalabu wana upweke, huzuni au jambo wanalolikimbia.

Huhitaji kuishi Dadaab ili kuliona hilo. Huenda kwako yuko aliyemaliza shule miaka mitatu iliyopita, angali anangoja kazi. Kabla ya kumpokonya simu, keti naye umwulize anangoja nini. Kisha mtafutie shughuli ambayo jasho lake litaonekana, japo ni kufuga kuku.