Kariandusi: Kijito, Mashoka ya Mawe na Udongo Mweupe

Msafiri atokaye Nairobi kwenda Nakuru kwa motakaa, akiisha kuupita mji wa Gilgil, huona njia ikianza kuteremka, na upande wake wa kushoto hutandazika ziwa dogo lenye rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Ziwa hilo ndilo Elmenteita. Wengi hulitazama, wakasema ni zuri, wakapita zao. Ni wachache wageuzao shingo upande wa kulia, ambako kijito kiitwacho Kariandusi kimekata bonde lake jembamba kikishuka kuelekea ziwani. Kijito chenyewe si kitu. Mtu mwenye miguu mirefu aweza kukiruka mahali pengi. Lakini katika kingo zake yamelala mambo ambayo miji mikubwa ya Ulaya ingejivunia kuwa nayo.

Mahali hapo pako yapata maili 75 kutoka Nairobi, katika sakafu ya Bonde la Ufa, na urefu wake juu ya bahari ni kama futi 6,000. Upande wa mashariki husimama ukuta wa Bonde, na upande wa kusini mlima Eburru, ambao mpaka leo hutoa mvuke katika nyufa zake. Nchi yote hiyo ni kazi ya moto wa chini ya ardhi. Majivu yalimwagika, mawe yakayeyuka yakapoa, na mahali pengine yalipoa upesi hata yakawa kioo cheusi king'aacho kama chupa. Kioo hicho kikivunjwa huwa na makali ya kunyolea, na mtu asiye mwangalifu hujikata vidole kabla hajajua amekatwa na nini.

Ziwa la leo ni mabaki tu. Kina chake kwa kawaida ni kama futi tatu au nne. Vijito vitatu, yaani Kariandusi, Mbaruk na Mereroni, humimina maji humo, pamoja na chemchemi za moto za Kekopey upande wa kusini. Lakini hakuna mto utokao. Jua hunywa maji likaacha magadi, kama vile sufuria ya maji ya chumvi iliyosahauliwa jikoni. Ndiyo maana ng'ombe hawanyweshwi humo, ingawa heroe na mwari hupapenda sana. Zamani za kale mambo yalikuwa mengine: yapata miaka 9,000 iliyopita Elmenteita na ziwa la Nakuru yalikuwa ziwa moja kubwa lenye kina cha mamia ya futi, na hapo motakaa zipitapo leo palikuwa maji matupu.

Tena kabla ya ziwa hilo yalikuwako maziwa mengine, ya kale zaidi, na katika moja la hayo uliumbwa udongo mweupe wa Kariandusi. Vimea vya majini, vidogo hata havionekani kwa macho, vilijijengea maganda ya namna ya kioo. Vikafa, maganda yakazama chini, mwaka baada ya mwaka, hata yakawa tabaka nene. Udongo huo huitwa daitomaiti. Ni mwepesi ajabu: bonge kubwa kama tofali mtoto hulibeba kwa mkono mmoja bila taabu. Tangu miaka ya 1940 umechimbwa kwa biashara, kwa kuwa unafaa kuchujia vinywaji, kutengenezea rangi, hata kuulia wadudu wa nafaka, maana chembe zake hukwaruza ngozi ya mdudu akakauka. Mkulima mwenye ghala na atambue hilo. Wachimbaji walitoboa mahandaki marefu katika kilima, kuta zake nyeupe kama chokaa, na popo wakahamia humo.

Habari ya mashoka ilianza katika safari ya pili ya uchunguzi ya Dkt. Louis Leakey, ya mwaka 1928 hadi 1929. Bwana huyo, aliyezaliwa Kabete mwaka 1903 na kukisema Kikuyu tangu utoto, alikuwa na kambi yake karibu na Elmenteita. Katika kingo za Kariandusi kundi lake liliona mawe yaliyochongwa pande mbili, yenye umbo la tone la maji, ncha upande mmoja na shina nene la kushikia upande wa pili. Mengine yalikuwa ya jiwe gumu la kijivu la volkeno, mengine ya kile kioo cheusi. Mawe ya namna hiyo yalikwisha kujulikana Ufaransa, katika mchanga wa mto Somme, tangu karne ya 19. Na wenye elimu wengi walidhani kwamba Ulaya ndiyo iliyokuwa shule ya mafundi hao. Kariandusi ikawageuza kichwa. Mwaka 1929 Dkt. Leakey akaenda kwa motakaa mpaka Johannesburg, kwenye mkutano wa wataalamu, kuwaeleza mambo aliyoyapata Kenya.

Siku zile hapakuwa na njia ya kuhesabu umri wa majivu ya volkeno. Baadaye ikapatikana: potasiamu iliyomo katika majivu hugeuka polepole sana kuwa hewa iitwayo agoni, na mwenye kuipima hewa hiyo hujua majivu yalianguka lini. Kwa njia hiyo mashoka ya Kariandusi yamepewa umri wa karibu miaka milioni moja. Fuvu la fundi mwenyewe halikuonekana hapo. Kazi ya mikono yake tu ndiyo iliyosalia.

Dkt. Leakey aliamini kwamba mahali hapo palikuwa karakana hasa, mafundi wameketi kando ya ziwa wakigonga mawe. Waliomfuata, na hasa wale waliochimba tena miaka ya 1970, walitazama kingo za mashoka ya kioo, wakaziona zimeguguna-gugunwa. Wakauliza kama si mafuriko yaliyoyakokota na kuyarundika pamoja. Jambo hili si la kuchekesha wasomi tu. Kama ni karakana, basi ardhi ile yatuonyesha watu walivyoketi. Kama ni maji, yatuonyesha chombo tu, bila mwenyewe. Yaelekea maji yalikuwa na sehemu kubwa. Lakini hata maji hayachongi shoka.

Kuna habari nyingine ambayo haikuhitaji kuchimbuliwa. Nchi hiyo ilikuwa malisho ya Wamaasai, na majina yake yashuhudia. Soysambu, lile shamba kubwa la Lord Delamere ng'ambo ya ziwa, maana yake ni jiwe lenye mabaka, kama rangi ya ng'ombe. Kilima kilichoko huko, kifananacho na mtu aliyelala chali, walikiita morani aliyelala. Mwaka 1904 Wamaasai waliliacha Bonde kwa mapatano na Serikali, sehemu yao wakaenda Laikipia, nao waliahidiwa kwamba huko watakaa siku zote. Ahadi ilidumu miaka saba. Mwaka 1911 yalifanywa mapatano mengine, wakahamishwa tena kusini. Mwaka 1913 walikwenda kortini; wakaambiwa kwamba mapatano yale ni kama ya dola mbili, na korti haina uwezo wa kuyaamua.

Leo mahali pa mashoka panalindwa na Makumbusho ya Taifa ya Kenya, na mashimo yaliyochimbwa yameachwa wazi, mawe yakiwa palepale yalipoonekana. Hatua chache kutoka hapo ni machimbo ya udongo mweupe. Mwaka 2011 ziwa liliandikwa, pamoja na Nakuru na Bogoria, katika urithi wa dunia. Mgeni huonyeshwa mashoka kwanza, kisha machimbo, na akipenda hushuka na kijito mpaka maji yake yanapoingia katika magadi.