Nyamirambo, Mahali pa Kutia Nyimbo Zako Mfukoni

Ukurasa wetu wa safari mwezi huu unakwenda Nyamirambo, mjini Kigali, na tunachokifuata huko ni muziki: muziki wako mwenyewe, unaousikiliza ndani ya gari hata pale ambapo simu haina mtandao.

Kila aliyepanda gari kutoka hapa Mahama anajua mambo yalivyo. Dereva anafungua redio. Mnapita Kirehe, mnaelekea Ngoma, redio inaanza kukwaruza, sauti ya mtangazaji inaingiliana na ya mwingine, kisha inabaki shii tupu. Redio si mbovu. Mawimbi ya FM husafiri karibu kwa mstari ulionyooka, na kilima kikikaa katikati yako na mnara, basi umekosa. Kijana aliyekaa nyuma anasema, "Papa dereva, acha nikuwekee ya simu." Anaunganisha, wimbo wa kwanza unacheza vizuri, wa pili kile kiduara kinazunguka, kinazunguka, na hapo tunaelewa: MB zimekwisha. Maana tuseme ukweli, Rwanda minara iko mingi na mtandao unafika karibu kila mahali. Kinachokosekana kwetu ni pesa ya kuununua. Kwa mkimbizi, simu isiyo na MB na simu iliyo katikati ya msitu wa Walikale ni simu moja.

Sasa twende Nyamirambo. Ukishuka Nyabugogo unapanda basi la mji, linapanda kilima, na ukianza kuona kanzu, kofia na vibanda vya chapati, umefika. Wale waliotoka Bujumbura wanasema hii ni Buyenzi iliyowekwa juu ya kilima, na mimi nakubaliana nao: misikiti, mafundi, chai ya maziwa, na Kiswahili barabarani bila aibu. Hapa hakuna anayekugeukia kukutazama ukisema "samahani, mama, nyumba ya fundi iko wapi?" Anakujibu tu, tena kwa Kiswahili chenye mchanganyiko kama chetu.

Hiki Kiswahili kina historia yake. Mji wa Kigali ulianzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907, na pamoja na Wajerumani wakaja wafanyabiashara, askari na makarani wa pwani, wengi wao Waislamu. Msikiti wa Al-Fatah, unaohesabiwa kuwa wa kwanza katika nchi hii, ulijengwa 1913. Walipokuja Wabelgiji waliwatenga watu hawa wakae mahali pao peke yao, pale Biryogo, na pakaitwa kambi ya Waswahili. Ndiyo, kambi. Watoto wa leo wakipita Biryogo wanaona mtaa uliofungwa kwa magari tangu 2021, barabara imepakwa rangi, meza ziko nje, watu wanakula. Na lugha iliyokuwa ya watu wa pembeni ilipitishwa na bunge mwaka 2017 iwe lugha rasmi ya Rwanda. Haya, tuendelee na muziki.

Nilikuwa na mzigo mdogo mkononi: kaseti moja ya dakika 60. Ni ya familia moja hapa kambini, watu wa upande wa Uvira. Ndani yake kuna kwaya ya kanisa lao, iliyorekodiwa miaka ya tisini, na anayeongoza kwa sauti ni baba wa nyumba ile, ambaye sasa ni marehemu. Binti yake alikuwa anaolewa. Ndugu zake walitaka gari litakalomchukua bibi harusi litembee na sauti ya baba yake. Dereva aliposikia akasema hakuna shida, atautafuta wimbo YouTube. Mama wa bibi harusi akamwambia kwa upole, "Mwanangu, huyu hayuko YouTube. Yuko humu tu." Na humu ndani hapakuwa na mtu mwenye kaseti ya pili. Ilitoka Kongo ndani ya kitenge, ikakaa miaka mingi kwenye kopo la maziwa, haikuchezwa kwa sababu hapakuwa na mashine.

Mafundi wa kazi hii Nyamirambo wako wa aina mbili, na ni vizuri ujue unakwenda kwa nani. Wako vijana wenye kompyuta, wale wale wanaouza filamu zilizotafsiriwa kwa Kinyarwanda, zinazoitwa agasobanuye. Hao unawapa flashi, unachagua nyimbo, wanakutilia, dakika chache umeondoka. Halafu wako mafundi wa zamani wa redio, wenye chuma cha kulehemu na rundo la redio za magari zilizofunguliwa matumbo. Kaseti inakwenda kwa hao wa pili.

Mzee niliyemkuta aliishika kaseti kama mtu anayeshika yai. Jambo la kwanza hakuicheza. Aliitazama juu, akaona vile vimeno viwili vya nyuma bado vipo, akavivunja kwa bisibisi. Nikashtuka. Akacheka: "Mwanangu, vimeno vikiwepo, mtu akibonyeza kitufe kibaya anafuta kwaya yote. Vikivunjika, mashine inakataa kurekodi juu yake." Jambo la pili alifungua zile skrubu tano ndogo, akakuta kile kipande cha sufi kinachobana utepe kimedondoka, gundi imekauka. Akachukua ganda la kaseti nyingine isiyo na kazi, akauhamishia utepe humo. Jambo la tatu alisafisha kichwa cha mashine kwa pamba na alkoholi. Baada ya hayo ndipo akageuza magurudumu polepole kwa kalamu ya risasi, kuona kama utepe umegandana mahali.

Wenye kaseti za zamani nyumbani, nawaomba sana, msizitie kwenye redio ya gari la zamani "kujaribu tu." Redio za magari zilizokaa miaka bila kazi, mpira wake unalegea, utepe unamezwa, na ukimezwa umekwenda. Nakala kwanza, kucheza baadaye.

Kutoa nakala hakuna haraka. Kaseti ya dakika 60 inachukua dakika 60, maana lazima icheze yote kwa mwendo wake, kama sentimita 4.76 za utepe kila sekunde. Fundi alitoa waya kwenye tundu la masikio la mashine, akauingiza kwenye kompyuta. Hakutumia maikrofoni ya simu kama wengi wanavyofanya. Nilimwuliza sababu, akaninyoshea kidole barabarani: kwa maikrofoni kelele za nje zingeingia katikati ya kwaya. Kweli, pikipiki zikapiga honi, mtoto akalia mlangoni, na ndani ya kompyuta kwaya ya Uvira ikaendelea kuimba peke yake. Nyuma ya nyimbo palisikika mvua juu ya bati, na mtu akikohoa. Mvua ya mwaka ule. Fundi alitaka kuondoa ile sauti ya mvua kwa programu yake. Nilimkatalia.

Saa moja ile, ikihifadhiwa bila kubanwa, ilikuwa kama MB 600. Ikibanwa kuwa MP3 ya kawaida inakuwa kama MB 60, yaani karibu MB 1 kwa dakika. Fanyeni hesabu wenyewe: kadi ndogo ya GB 4 inaingia nyimbo karibu 1,000 za dakika nne nne. Tulichukua zote mbili, ile kubwa ya kutunza na ile ndogo ya kusikiliza.

Watu kutaka muziki wao garini si jambo la juzi. Huko Marekani, kampuni ya Chrysler iliweka mashine ya sahani za santuri ndani ya gari mwaka 1956. Haikudumu, na unaweza kuelewa kwa nini ukifikiria barabara yetu ya vumbi. Kilicholeta ukombozi ni kaseti ya Philips, iliyotoka 1963. Wengi hapa mnamkumbuka Remmy Ongala, mtoto wa Kindu, aliyehamia Dar es Salaam 1978 akawa mwanamuziki mkubwa wa Tanzania hadi alipofariki 2010. Wimbo wake wa mwaka 1990 wa kuonya juu ya ukimwi, "Mambo kwa Soksi," Redio Tanzania ilikataa kuupiga. Haikusaidia kitu, watu waliujua. Palipo na kaseti, mkubwa wa redio hana neno la mwisho.

Na leo? Vijana watasema, lakini mimi nimepakua nyimbo kwenye Spotify, zinacheza bila mtandao. Ni kweli, zinacheza. Lakini programu hiyo hudai uingie mtandaoni angalau mara moja kila siku 30, na ukiacha kulipa, nyimbo ulizopakua zinafungwa. Umekodi, hujanunua. Faili la MP3 lililo kwenye kadi yako halimwulizi mtu ruhusa. Hapo hapo niseme na upande wa pili: nyimbo tunazonakili kwa vijana wa flashi, mwenye kuimba hapati hata faranga moja. Mimi sina jibu zuri la jambo hili. Kwa wasanii wadogo wa hapa kwetu na kwaya zetu, mimi huwapa wenyewe kitu kidogo mkononi, na wao hunipa wimbo moja kwa moja kutoka kwenye simu yao kwa Bluetooth, bila MB.

Ya ndani ya gari nayo niliyauliza, maana dereva wetu alikuwa na wasiwasi. Redio yenye tundu la USB ni rahisi, ila flashi iwe imefomatiwa kwa mtindo wa FAT32. Flashi kubwa za GB 64 na kuendelea mara nyingi zinakuja na mtindo mwingine, na redio za zamani zinaandika "error" tu. Tena redio nyingi hazifuati mpango wako, kwa hiyo andika 01, 02, 03 mbele ya jina la kila wimbo, usije ukaanza harusi na wimbo wa kuaga.

Gari lisilo na USB unanunua kile kidude cha kuchomeka penye kiwashio cha sigara. Kinachukua wimbo kwenye flashi au kwenye simu, kinaurusha kwa FM, na redio ya gari inaukamata kama kituo chake. Unatafuta namba ambayo haina kituo. Shida ni kwamba namba iliyo tupu Kigali inaweza kuwa na mwenyewe Rwamagana, ndipo ghafla mnasikia matangazo ya mpira katikati ya wimbo. Badilisha namba, usimlaumu dereva. Na kwa ndugu zetu wa Goma na Bukavu, kule kulikojaa magari ya usukani wa kulia yaliyotoka Japani: redio nyingi za Kijapani zinaishia namba 90 tu, maana FM ya kwao inaanza 76. Mtu anarusha kwenye 107, redio haifiki huko, anafikiri kidude kimekufa. Kiweke kati ya 87.5 na 90.

Mwenye simu ndogo ya vibonye asijione amebaki nyuma. Nyingi zina mlango wa kadi ya memori, zinacheza MP3, na betri inakaa siku nyingi. Mwenye simu kubwa aiweke katika hali ya ndege akiwa njiani. Simu inayohangaika kutafuta mnara ndiyo inayomaliza betri, muziki wenyewe hauli sana.

Basi, siku ya harusi gari lilikuwa Corolla ya zamani, halina USB. Kidude kikachomekwa, namba ikapatikana 88.3. Tulipotoka kambini dereva akafungua, ikaanza mvua ya Uvira juu ya bati, watu wakatazama nje, jua kali. Halafu baba akaanza kuimba. Mama wa bibi harusi hakulia kama tulivyotegemea. Alisema tu, "Anaanza juu sana, siku zote namwambia," na akaitikia ile sauti ya pili, anayoijua yeye, hadi Kirehe. Bibi harusi alimwuliza mdogo wake kama simu iko na MB za kutosha. Mdogo akamwonyesha simu: imezimwa.

Kaseti yenyewe imerudi kwenye kopo lake. Nakala ziko tatu: moja kwa mama, moja kwa bibi harusi, moja kwa mtoto mkubwa aliye Kampala. Watu wengi wa kwaya ile ya zamani wamenifuata wakitaka ya kwao. Mimi sina, na hata ningekuwa nayo nisingeitoa, kwa sababu si yangu. Nendeni kwa familia, mwombeni mama mwenyewe. Ameniambia atawapa wote waliokuwemo katika kwaya na watoto wao, siku za Jumapili baada ya ibada. Kila mtu aje na flashi yake au kadi yake, iwe tupu.