Mama Asiyeruka

Saa kumi na mbili asubuhi, zamu ya usiku ilipokwisha, mlinzi yule kutoka Likoni hakukimbilia basi la kambini. Alipita kwanza kando ya ziwa la Bustani ya Aspire, jijini Doha, kuhesabu vifaranga wa bata. Jumatatu walikuwa tisa, Jumatano, sita, Ijumaa, wanne.

Qatar haina mto hata mmoja. Maji mengi yanayokusanya ndege huko ni kazi ya mikono ya watu: maziwa ya bustani, au mabwawa yaliyotokana na majitaka yaliyosafishwa. Kwa bata jike, hata hivyo, maji ni maji. Penye matete na wadudu ndipo penye uhai wa wanawe.

Katika jamii nyingi za bata, dume huondoka jike angali akiatamia. Jike hunyonyoa manyoya laini ya kifuani, akayatandika kiotani, akalalia mayai kwa takriban wiki nne. Hapo maisha yake mwenyewe huwa hatarini zaidi, kwa kuwa adui humkuta chini, usiku, peke yake. Mayai yakiisha kuanguliwa, hatari huwahamia wana: wengi hufa katika wiki mbili za mwanzo. Mama anaweza kuruka akajiokoa. Mara nyingi haruki. Hujifanya amevunjika bawa, akamvuta adui upande wake.

Mlinzi alimwona akifanya hivyo mbele ya paka. Mtini walitua kunguru, wale wale wenye shingo ya kijivu waliopelekwa Zanzibar mwishoni mwa karne ya 19, wakaenea hadi Mombasa. Aliwajua tangu utotoni.

Yeye aliruka. Alimwacha bintiye wa miaka minne kwa nyanya yake, ili unga na ada vipatikane. Bata halipi ada. Mkataba wa pili ulikuwa mkobani, haujatiwa saini.

Ijumaa hiyo alipiga simu. Binti, ambaye sasa alikuwa na miaka sita, hakuuliza zawadi.

“Mama, bata wamebaki wangapi?”

“Wanne.”

“Na mama yao?”

“Yupo nao.”

Kikapita kimya kirefu. Jumapili alipoitwa ofisini, kabla ya kushika kalamu, aliuliza kwanza habari ya likizo.