Mji Uliozaliwa na Njaa ya Mafuta

Mwezi huu tunawapeleka Mtwara, kusini kabisa mwa nchi yetu, mahali ambapo mto Ruvuma unamwaga maji yake baharini. Tulikwenda sisi akina mama wanne. Tulipoingia mjini, tulishangazwa na upana wa barabara na kina cha bandari. Tukauliza, haya yote yaliandaliwa kwa ajili ya nani? Tukajibiwa: kwa ajili ya vikaango vya Uingereza!

Vita Kuu ya Pili ilipokwisha mwaka 1945, Waingereza walikuwa washindi, lakini jikoni mwao ushindi haukuonekana. Siagi, sukari, nyama na mafuta vilinunuliwa kwa kadi. Hata mkate, ambao wakati wa vita uliuzwa bila kadi, ulitiwa kwenye kadi kuanzia 1946 hadi 1948. Mama wa huko alipanga foleni, kama sisi tulivyopanga ya sukari na sabuni baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979.

Serikali yao ikaamua karanga zilimwe Tanganyika ili mafuta yapatikane. Kazi ilianza 1947 huko Kongwa, kisha Urambo na Nachingwea. Kwa ajili ya karanga za Nachingwea ikajengwa bandari hapa Mtwara, na reli ya kwenda bara. Lakini ardhi ngumu, mvua haba na haraka ya wakubwa viliuangusha mpango. Uliachwa 1951, baada ya kuteketeza pauni milioni 36 hivi. Bandari ilikamilika 1954, mwaka ule ule kadi za chakula zilipokoma Uingereza. Reli ikafungwa miaka ya 1960. Bandari ikabaki, nayo ikaja kupakia korosho.

Kabla majani hayajafunika mashamba yale ya karanga, vita vingine vilibisha hodi. Septemba 1964 FRELIMO ilianza kupigana na Wareno huko Msumbiji, na Nachingwea ikawa kambi ya kuwafundishia wapiganaji. Familia nyingi zilivuka Ruvuma kwa mitumbwi. Upande wetu nao haukusalimika, kwani vijiji vya mpakani vilikuwa hatarini, na watu wengi walihamishiwa vijiji vya pamoja.

Kivukoni Kilambo tulimwamkia bibi mmoja, naye akatukaribisha chini ya mwembe wake. Alitueleza kwamba wakati ule alikuwa bibi harusi, na muhogo wa shamba lake ulitosha watu wawili tu. Usiku mmoja akaja mama kutoka ng'ambo na mtoto wa kike mgongoni. Mumewe alikuwa msituni vitani. Wakala pamoja chungu kile kimoja kwa miezi kadhaa. Kisha yule mama akamwomba amshikie mtoto, arudi kuwatafuta wanawe wakubwa. Hakuonekana tena. Hata Msumbiji ilipopata uhuru tarehe 25 Juni 1975, bibi alikwenda kivukoni siku nyingi kungoja. Tulimwuliza mtoto yuko wapi. Akatuonyesha mama wa makamo, mwenye mvi tayari, aliyekuwa ametuletea mkeka tuliokalia. Hatukuwa na la kusema.

Ng'ambo ya pili kulikuwa kimya mchana ule, lakini bibi hakuuamini ukimya huo. Mwezi Oktoba 2017 vita vilizuka tena Cabo Delgado. Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, upande wetu, kilishambuliwa, na Machi 2021 mji wa Palma nao ukavamiwa. Watu walikimbia tena, akina mama wakiwa na watoto mgongoni.

Wanaume huhesabu vita kwa tarehe za kuanza na kumalizika. Sisi tuliotoka Mtwara tumejifunza kuvihesabu kwa sufuria: nani alikosa mafuta, nani aligawa muhogo, nani alilea mtoto asiyemzaa. Basi mama mwenzetu, mgeni aliyekimbia vita akibisha kwako, usianze kwa kuuliza atakaa siku ngapi. Ongeza maji kwenye chungu. Na jioni, wasimulie wanao habari za mkeka ule.